Mwaka Niliokataa Kuomba Radhi

La, Bakari, sikumnyang'anya babako usukani, na kotini hakuburutwa na mtu. Alikwenda kwa miguu yake, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, ametia na uturi. Hayo ndiyo niliyomjibu juzi uani kwao, nimeshika sinia la pilau kwa mikono miwili, jasho linanitiririka na siwezi kulifuta. Ilikuwa siku ya hitima ya Ami Athumani, na Bakari ni mwanawe wa mwisho. Alikuwa amekuja kutoka Kilifi, ambako anaendesha gari la abiria, na siku zote za msiba alikuwa akinitazama kama mtu mwenye neno kooni. Siku ile akalitoa. "Dada Saumu, wacha nikwambie ukweli. Wewe ulimtoa baba kwenye gari. Halafu ukampeleka mbele ya hakimu akaulizwe maswali kama mwizi. Mzee ambaye hata paka alikuwa hamfukuzi kwa sauti kubwa!" Wanawake waliokuwa wakisugua masufuria wakageuka kututazama. Ni Shangazi Rukia peke yake aliyesema, "Bakari, mwache mwenzio aweke sinia chini kwanza, ndipo mgombane." Nililiweka. Nikamjibu kidogo, lakini jibu lenyewe ni refu, ni mwaka mzima, na mimi sina subira ya kugombana uani huku wageni wanangoja wali. Basi naliandika hapa, lote, ili akitaka alisome polepole.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimepata leseni ya kuendesha gari, na sina gari. Shangazi Rukia alikuwa na gari moja la kubebea wanafunzi, lile la manjano ambalo watu wa Shela, hapa Malindi, bado wanalikumbuka kwa sababu mlango wake ulikuwa haufungiki mpaka uupige kwa kiuno. Kazi yangu ilikuwa hiyo ya kuupiga kiuno. Nilikuwa napakia watoto, nawashusha, nawafunga mikanda, natafuta viatu vilivyopotea chini ya viti. Dereva alikuwa Ami Athumani. Hakuwa ndugu yetu wa damu, lakini mtaa mzima ulimwita ami, na yeye aliuita mtaa mzima mwanangu. Nimepanda magari ya watu wengi tangu wakati huo, na sijaona mtu anayeendesha vile. Alikuwa akifika kwenye lango la mtoto anapiga honi mara mbili fupi, pi-pi, halafu anangoja, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekaribishwa sebuleni. Hakupata kumgonga hata kuku. Akina mama walikuwa wakisema, mwanangu akiwa na Athumani mimi naweza kulala.

Lakini alikuwa na jambo moja, na jambo hilo ndilo lililoleta yote. Ami Athumani alikuwa mtu wa radhi. Si yeye tu, sisi sote wa huku tumelelewa hivyo. Mkigongana mlangoni, nyote wawili mnasema niwie radhi, na anayetangulia kusema ndiye aliyefunzwa adabu kwao. Majirani wakizozana juu ya maji ya mfereji, atatokea mmoja aseme haya jamani, niwieni radhi, kahawa imiminwe, na hapo hakuna tena wa kuuliza ni nani aliyekuwa na makosa. Kuuliza ni utovu wa adabu. Yeye alikuwa amezidisha. Siku moja baiskeli ilitoka kichochoroni ikaja kuligonga gari letu limesimama. Ami alishuka akamwinua yule kijana, akampangusa mchanga, akamwambia, "Niwie radhi mwanangu." Kijana naye akaona kweli amekosewa, akaanza kufoka! Mimi nilitaka kupasuka. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Kwani neno lile limenigharimu nini? Yamekwisha, twende."

Na kwa trafiki ilikuwa vile vile. Akisimamishwa akaambiwa hivi au vile, yeye huyo ameshashuka, kofia mkononi, niwie radhi afande. Akiandikiwa kwenda kotini, anakwenda asubuhi, anasomewa, anaulizwa ni kweli au si kweli, anasema ni kweli mheshimiwa, niwieni radhi. Analipa faini, na kabla ya adhuhuri amesharudi, tena na karatasi ya viazi vya karai aliyonunua kwa mama mmoja anayeuza nje ya mahakama. Tulikuwa tukivila vile viazi jikoni, vimelowa ukwaju, na yeye akisema, "Yamekwisha." Sisi tukisema alhamdulillahi. Nikikumbuka sasa naona ajabu: hakuna hata mmoja wetu, mimi na vyeti vyangu vya shule, aliyefikiri kwamba kuna kitu kilichobaki kule nyuma.

Bima yetu tulikuwa tukikata kwa mzee mmoja ambaye hakuuliza kitu, ilimradi umelipa. Mzee yule akastaafu, na mahali pake akaja Bwana Kazungu, kijana wa Kaloleni, mpole, mwenye miwani na mkoba wa kompyuta. Alikuja nyumbani asubuhi moja bima ilipokaribia kwisha. Nakumbuka sebule ile kama naiona. Pazia la buluu lilikuwa limefungwa fundo ili upepo upite, Shangazi ameandaa mahamri na mbaazi, na mimi nimekaa kwenye mkeka natengeneza mkanda wa kiti uliokatika. Bwana Kazungu alikula hamri moja, akapangusa vidole, akafungua kompyuta akaanza kuuliza. Gari la mwaka gani, linalala wapi, linabeba nani. Halafu akauliza, "Mama, dereva amewahi kupatikana na hatia ya makosa ya barabarani, miaka hii ya karibuni?"

"Athumani?" Shangazi akacheka. "Huyo hajagonga hata kuku. Andika hajawahi."

"Sikuuliza kugonga, mama. Nimeuliza kotini."

"Ah, kotini ni vitu vidogo vidogo. Andika hapana, mwanangu. Si kila mtu huandika hapana?"

"Wengi huandika. Halafu siku gari inapata ajali, kampuni inatuma mtu kotini anapekua. Wakikuta mlidanganya, wanaweza kukataa kulipa. Na humu ndani mwabeba watoto wa watu."

Ami Athumani alikuwa mlangoni, anavua viatu. Alikuwa ameleta funguo kama kila siku. Nilimwona akisimama na kiatu kimoja mguuni. "Nimepatikana," alisema. "Si mara moja. Andika, baba. Lakini yote yalikwisha."

"Mzee wangu," Bwana Kazungu akasema, na alisema kwa heshima, sitamsingizia, "kotini hayaishi. Yanakaa." Akatueleza kwa lugha nyepesi. Kampuni haimjui Athumani. Haijui kwamba anapiga honi mara mbili na kungoja. Inachojua ni kwamba kuna mtu aliyesimama mbele ya hakimu akakiri kwenda kasi, akakiri kuendesha bila taa, akakiri kusimama pasiporuhusiwa, akakiri na jengine tena. Kwao mtu huyo ni hatari, na mtu wa hatari bima yake ni ghali. Akaitaja hiyo bei. Shangazi akakirudisha kikombe kwenye kisahani bila kunywa. Ami akasema, taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, "Ile ya taa ilikuwa yangu kweli. Hizo nyengine nilikuwa naomba radhi tu."

Bwana Kazungu akauliza kama kuna mtu mwengine mwenye leseni. Wote wakanigeukia mimi pale mkekani na mkanda wangu. Akaniuliza umri, akakunja uso. "Mgeni barabarani naye huongezewa, lakini si kama ile. Na huyu akimaliza mwaka bila ajali na bila kesi, mwakani inashuka vizuri, mtapumua. Lakini akipatikana na hatia, mama, hata moja, sidhani kama mtaweza kuliweka gari hili barabarani."

Alasiri nilikuwa jikoni nakuna nazi, na wao wawili wapo ukumbini. Niliacha mbuzi nisikize. Ndiyo, nilisikiza, na nashukuru nilisikiza, kwa sababu leo ningemjibu nini Bakari?

"Rukia, mpe mtoto," Ami alisema.

"Na wewe?"

"Nitakaa kiti cha pembeni. Kiti cha pembeni hakimtishi mwenye bima."

"Watu watasema nimekutoa baada ya miaka yote hii."

"Waambie macho yamechoka."

"Macho yako wewe? Unaona shimo la barabarani toka Gede!"

"Basi waambie magoti."

Wakacheka. Nikaogopa watanigundua, nikaanza tena kukuna nazi ile ile iliyokwisha. Ami akaja jikoni. Hakunihutubia. Aliweka funguo juu ya kinu, akasema, "Kesho njoo mapema, nikuonyeshe mlango unavyotaka kupigwa." Mlango! Mimi ndiye niliyekuwa nikiupiga siku zote! Nikaelewa kwamba sasa yeye ndiye atakayeupiga, na kwamba ananiomba nimfunze. Bakari, wewe uliambiwa magoti. Ulikuwa Mombasa wakati huo, ukaamini magoti, halafu mtaani wakakwambia jengine, ukaamini la mtaani.

Basi tukabadilishana viti. Miezi ya kwanza nilitamani kila siku iwe imekwisha. Vijana wa bodaboda wa pale stendi walikuwa wakiniona wanapiga kelele, "Dada, usukani si mwiko wa pilau!" na mimi nilikuwa na jibu tayari, kali, nimelilalia usiku kucha. Ami alikuwa akisema, "Wajibu kwa honi." Pi-pi. Akina mama wawili waliwatoa watoto wao kwenye gari, mmoja akasema wazi kwamba hawezi kumtia mwanawe mikononi mwa mtoto mwenziwe. Mwengine alikaa mlangoni kwake kila asubuhi akinitazama navyogeuza gari, mikono kiunoni, mpaka siku moja akaniletea kaimati kwenye bakuli. Nilijua hapo nimeshinda moja. Ami pembeni yangu hakuwa akinifunza kwa kelele. Alikuwa akisema tu, "Yule mtoto wa mbuzi atavuka," na kweli mbuzi anavuka. Watoto walimpenda zaidi kwenye kiti kile, maana sasa mikono yake ilikuwa mitupu na aliweza kuwafungia kamba za viatu. Na mimi nilikuwa nikijiona mkubwa. Siwezi kusema uongo. Nilikuwa nikipita barabara ya Lamu madirisha wazi, shungi limefungwa vizuri, nikijiambia, Saumu, watu wangapi wa rika lako wameaminiwa hivi?

Kesi iliponikuta, mwaka ulikuwa umeshapita nusu. Tulikuwa tumewashusha watoto wa mwisho Mambrui, gari tupu, mimi na Ami tu, tunarudi Malindi. Kabla ya kufika daraja la Sabaki, mbele yetu mkokoteni wa makuti umesimama katikati ya upande wetu. Gurudumu limechomoka, liko huko majanini, na mwenyewe amechuchumaa analitazama. Nilisimama. Nikatazama mbele, barabara tupu. Ami naye akatazama, akasema, "Bismillahi, pita polepole." Nikaupita, na kuupita ilibidi nivuke mstari mweupe wa katikati, ule usiokatika, halafu nikarudi upande wangu. Hapo pana kona na miarubaini mingi. Baada ya kona, polisi wa trafiki akaninyooshea mkono.

"Umevuka mstari."

"Kulikuwa na mkokoteni, afande. Umeharibika."

"Mkokoteni gani?" Akageuka kutazama. Kweli, kutoka pale aliposimama haukuonekana, ni miti tu. Alikuwa ameona pua ya gari ikitoka upande usio wake, basi. Na upande wa pili magari mengine aliyoyasimamisha yalikuwa yakimngoja, naye hakuwa na nafasi ya kutembea mpaka huko nyuma kwenda kuangalia maneno ya msichana. Mimi ningekuwa yeye pengine ningefanya vile vile. Lakini wakati anatoa kalamu, nikasikia mlango wa pembeni umepigwa kiuno, na Ami huyo ameshashuka, amezunguka mpaka dirishani kwangu, kofia mkononi. "Afande, niwie radhi, mwanangu huyu bado..."

Nikamshika mkono wa kanzu. "Ami, usiseme!"

Nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti mtu mzima kabla ya siku ile. Yeye akanitazama, polisi akanitazama. Nikasema, sasa polepole, "Shikamoo yako naiweka pale pale, Ami, lakini hili usiliombee radhi. Ukiliomba litakaa." Akavaa kofia yake. Polisi akaniandikia, akanipa siku ya kwenda kotini.

Nyumbani ukawa mkutano. Shangazi alikuwa amepika samaki wa kupaka na hakuna aliyemgusa. Akaja jirani, akaja binamu, kila mmoja ana ushauri na ushauri ni ule ule. Kubali, lipa, rudi. Faini yenyewe si kubwa. "Msichana mzima utasimama ujibizane na polisi?" binamu akasema. "Hata ukishinda, nani atakuoa?" Nikamwambia, "Atakayenioa atanikuta na leseni safi." Shangazi akanambia nyamaza, lakini nilimwona akiuma mdomo ili asicheke. Halafu akanigeukia kwa uchovu. "Saumu, mimi nataka gari langu tu. Ukienda na kurudi kotini, nani atapeleka watoto?" Nikamwambia, Shangazi, nikikubali utakuwa na dereva mpaka bima ikwishe. Baada ya hapo hutakuwa na dereva wala gari. Na juu ya hayo yote, sikukosa. Mbona hilo hakuna anayelisema humu ndani? Sikukosa! Ami Athumani alikuwa pembeni anachovya muhogo kwenye chai. Muhogo ukakatika ukazama, naye akaendelea kuchovya vidole.

Siku ya kusomewa mashtaka, niliona kwa macho yangu koti ile ambayo sisi tulikuwa tukiletewa viazi vyake tu. Tulikaa kwenye mabenchi tumebanana, na kila anayeitwa anasimama, anasomewa, anaulizwa, anajibu kweli. Kweli. Kweli mheshimiwa. Kama watu kwenye foleni ya unga. Nyuma yangu bwana mmoja alimnong'oneza mwenziwe, "Mimi hata sijasikia nimeshtakiwa nini, lakini nina samaki kwenye barafu." Lilipoitwa jina langu nikasimama. Nikaulizwa. Nikasema, "Si kweli, mheshimiwa." Karani akainua kichwa. Nikapewa siku ya kusikizwa, nikaambiwa nilete mashahidi wangu.

Shahidi wa kwanza angekuwa yule mwenye mkokoteni. Niliuliza Mambrui yote, nikaambiwa ni mpita njia, makuti yake yameuzwa, naye amerudi kwao bara huko. Akabaki mmoja. Nilimfuata kwake, amekaa kwenye baraza yake anashona kiatu cha mtoto wa shule. Nikamwambia Ami, nakuhitaji useme ulichokiona. Akasema, "Mimi kule nimezoea neno moja tu, Saumu. Na wanalijua hilo. Nikisimama watanicheka, na wewe watakucheka." Nikamwambia basi, sitakulazimisha. Na sikumlazimisha. Sikiza hapo, Bakari. Niliondoka, nikalia njiani mpaka nyumbani, na asubuhi ya kesi nikaenda peke yangu. Nilipofika kwenye lango la mahakama nikanusa uturi. Alikuwa amesimama karibu na yule mama wa viazi, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. "Umechelewa," akanambia.

Polisi alitoa ushahidi wake bila kuongeza chumvi. Nikaruhusiwa kumuuliza. Nilikuwa nimeandaa maswali mengi makali, yakanitoka yote kichwani, likabaki moja.

"Afande, pale uliposimama, ulikuwa unaona nyuma ya kona?"

Akafikiri. Namheshimu kwa kule kufikiri. "Hapana. Niliona gari likitokeza tu."

Halafu akaitwa Ami, akaapishwa. Akaeleza: gurudumu, makuti, mtu aliyechuchumaa, nilivyosimama kwanza, nilivyotazama. Kiongozi wa mashtaka akainuka akitabasamu. "Mzee, mimi na wewe tunafahamiana. Wewe umesimama humu mara nyingi, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na kila mara ulikiri makosa."

"Ndiyo."

"Sasa mtu aliyevunja sheria mara zote hizo, leo aje atwambie mwenziwe hakuvunja?"

Nilitazama chini. Niliona aibu yake kama yangu, nikajiambia, Saumu, umemfanyia nini mzee wa watu. Juu yetu feni ilikuwa inalia. Ami alivua kofia, halafu, na hili nitalikumbuka mpaka nife, akairudisha kichwani.

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa naomba radhi. Kwetu ukiomba radhi jambo linakwisha. Sikujua huku mnaandika kwamba nimekosa. Ile ya taa nilikosa. Nyengine zote sikukosa, na hakuna aliyenifunga mdomo nisiseme, nilijifunga mwenyewe kwa adabu. Nimepoteza usukani wangu kwa neno hilo. Huyu mtoto hakukosa. Nilikuwa pembeni yake, ningekuwa mimi ningepita vile vile. Na leo siombi radhi."

Hakimu alikuwa mama mtu mzima, hakuinua macho kwa muda, alikuwa anaandika. Kiongozi wa mashtaka akakaa bila swali jengine. Baada ya mapumziko tuliitwa tena, na hakimu akasema mashtaka hayakuthibitishwa, niko huru. Nilitaka kupiga kigelegele mle mle ndani. Ami akanikanyaga mguu.

Nje alinunua viazi vya karai. Alinunua vya kula na vya kubeba, na akawa anampa kila anayepita, hata yule polisi, ambaye alichukua kimoja akasema, "Mzee, leo umenguruma." Ukwaju ulimmwagikia kwenye kanzu ya Ijumaa, na hakujali. Akanambia, "Leo ndiyo yamekwisha." Hivyo ndivyo nilivyomburuta babako, Bakari. Mtaani kwenu usiulize wachawi wa maneno, muulize yule mama wa viazi, bado yupo.

Bwana Kazungu alirudi mwaka ulipokwisha. Sebule ile ile, mbaazi zile zile, ila safari hii nilikaa kitini. Akauliza, dereva amewahi kupatikana na hatia? Shangazi akafungua mdomo. Nikamtangulia: "Hajawahi." Halafu nikaongeza, "Alishtakiwa, akakataa, akaachiwa," kwa sababu sikutaka neno langu liwe na upande uliofichwa. Bwana Kazungu akatabasamu akaandika. Bei aliyoitaja, Shangazi aliinywa na chai yake yote mpaka sira. Gari likabaki. Baadaye likazaa gari la pili, na hilo ni langu. Na yale makosa ya zamani ya Ami yaliyoandikwa kotini yalipochakaa kiasi kwamba hayaulizwi tena, nilimpelekea funguo mwenyewe, nikaziweka juu ya kinu cha kwao. Aliendesha mpaka Mambrui na kurudi, pi-pi kwa kila lango hata lisilo na mtoto. Aliposhuka akanirudishia. "Kumbe kiti cha pembeni ni kizuri," alisema, "mtu unaona watu."

Sikuyasema yote hayo uani. Nilisema nusu, na Bakari alinisikiliza ameinamisha kichwa, ananawa mikono kwa maji ya birika aliyomiminiwa na Shangazi. Alipomaliza kunawa akasema, "Sikujua kama alisema vile, kwamba haombi radhi." Halafu, kama mtu anayetafuta la kubadilisha mazungumzo, akasema itabidi aondoke Jumatatu alfajiri, maana asubuhi hiyo ana kesi Kilifi. Tairi lilimpasukia karibu na daraja, upande wa Mnarani, akalivuta gari pembeni na kuweka alama zake, akaandikiwa kusimama mahali pa hatari. "Nitakubali tu, nilipe, niende kazini."

"Ulikosa?"

"Sikukosa. Lakini yaishe, Dada Saumu."

Shangazi Rukia aliweka birika chini. Nikamuuliza kama ndani ya gari kulikuwa na abiria. Akasema alikuwepo mwalimu mmoja, aliyemshikia tairi mpaka likafungwa, anakaa Mnarani hapo hapo. Nilichukua sinia nikaingia ndani.

Leo ni Jumapili jioni. Nimeshampigia Mwanasha, binti niliyemfundisha udereva na anayeendesha gari la pili, atachukua watoto wangu wa Shela pamoja na wa njia yake. Atakalosema Bakari mbele ya hakimu ni lake, sitamshika mkono wa shati. Lakini kesho kabla jua halijapanda nitakuwa mbele ya nyumba ya babake, nitapiga honi mara mbili fupi, mikono juu ya magoti, na nitangoja mpaka atoke. Kisha tutampitia yule mwalimu.